Nafasi

Kipindi cha pili, kidato cha nne Mashariki,
nimeandika ubaoni: UWEZEKANO.
Nikachora dadu, nikachora sarafu,
nikasema jibu halizidi moja, halishuki chini ya sifuri,
na atakayepata moja na nusu amemkosea Mungu na mtahini.

Nyevu Chengo, kiti cha nyuma, dirisha linaloangalia Sabaki,
akanyoosha mkono ule ambao kwa kawaida huomba kwenda nje.
"Mwalimu, Kombe la Dunia hili, la raga,
sisi tuna nafasi gani?"

Darasa likaamka kama kuku waliomwagiwa mchele.
Nani Malindi asiyejua?
Jefwa, kaka yake, ameitwa timu ya taifa.
Jefwa wa mashamba ya chumvi, Gongoni,
shingo hana, ana mabega mawili yaliyokutana kusalimiana.
Jezi namba kumi na saba. Benchi. Nguzo ya akiba.

Basi nikatenda kosa la walimu wote: nikakokotoa.
Kundi letu lina New Zealand. Nikaandika, nikapuliza chaki.
Lina Samoa: mara mbili tumekutana,
mara mbili tumerudi na barafu magotini.
Lina Uitalia.

Hapo pakazuka.
Mji huu mtoto hujua chao kabla ya shikamoo,
na dereva wa tuktuk akikoswa na lori huapa kwa Madona.
Babake Mumba huoka piza kule Casuarina.
Mamake Mwanasiti hufua mashuka ya Bibi Ornella
muuza aiskrimu, ambaye keshatundika bendera yake mlangoni
na kutangaza: wakishinda wao, bei ile ile;
tukishinda sisi, wanafunzi bure mpaka friji iishe.
"Sasa mwalimu," akauliza Mumba,
"mtu ambaye mkate wake uko kule, ashangilie wapi?"
Nikamwambia hilo si somo la hesabu.

Tumecheza nao mara nne. Nne tumepigwa.
Sifuri juu ya nne.
Nikapiga mstari chini, mara mbili, kama hakimu.

Nyevu hakuketi.
"Mwalimu, dadu ina pande sita sawa, sarafu mbili.
Hivyo ni vitu visivyo na kinyongo.
Mpira ule una ncha, ukidunda haujui wenyewe uendako.
Na mtu aliyepigwa mara nne
hiyo ya tano haji akiwa yule yule.
Wewe umemhesabu kama yule yule."

Nilitaka kusema: huo ni ujuvi.
Ama: umeufikia ukurasa wa wiki ijayo,
matukio huru na matukio tegemezi.
Sikusema. Chaki ilikuwa imevunjika.

"Jana alipiga simu kutoka kambini.
Hakuuliza bendera, aliuliza kama Gongoni wamelipa
zile siku zake za Machi.
Nikamwambia bado. Nikamuuliza: nafasi mnayo?
Akacheka. Eti kocha naye hana neno jingine,
kutwa tafuta nafasi, tafuta nafasi,
na maana yake ni upenyo tu baina ya watu wawili,
upana wa mlango wa banda la kuku,
sekunde moja, ukisita umefungwa.
Akasema chumvini alipita pembamba kuliko hapo:
ubao mmoja juu ya bwawa, gunia la kilo hamsini kisogoni,
nyayo zimepasuka, chumvi imeingia,
na hakuna aliyewahi kumuuliza asilimia."

Kengele. Wakatoka wakigombania ladha,
embe, ukwaju, na ile ya kijani isiyojulikana.

Mimi naamini tutafungwa. Nimeshakokotoa.
Lakini asubuhi nilipopita kwa Bibi Ornella
nilimwambia aniwekee ya ukwaju.

New Zealand nimeifuta; kwa kitambaa ni rahisi.
Samoa nimeifuta.
Nilipofika kwenye sifuri juu ya nne mkono ukachoka.
Mwalimu wa Kemia ameingia na chupa zake,
ameuliza hiyo ni ya nani, aifute?
Nimemwambia aandike pembeni,
nafasi ipo.