Oili Imekula Nini

Semgaya aliitua galoni juu ya kaunta yangu
kama mtu anayemrudisha mtoto mtukutu kwa mama yake.
"Mwanakombo, mwezi uliopita elfu thelathini na nne.
Leo arobaini na moja.
Ishirini-hamsini ile ile, kopo lile lile jekundu.
Hii oili imekula nini?"

Duka langu ni kontena, Barabara ya Kumi na Mbili.
Saa saba mchana bati linakaanga,
hata oili rafuni inalainika, inategea sikio.

Imekula, nikamwambia. Kaa kwenye kreti nikuhesabie.

Ilizaliwa kwenye mafuta mazito
yaliyochimbwa na watu wasiojua kama kuna Tanga.
Wakigombana huko, sisi huku tunalipa nauli ya ugomvi.
Wakipatana, tunangoja.
Bei hupanda kwa pikipiki,
hushuka kwa magoti.

Ikanyweshwa dawa: ya kuzuia povu, ya kuzuia kutu,
ya kuistahimili hiyo injini yako
ambayo hujaifungua tangu uinunue kwa mjane wa Pongwe.
Dawa zote kwa dola.
Na dola, Semgaya, haina jirani, haiji msibani.
Shilingi ikiinama tu kufunga kamba ya kiatu
inapandwa mgongoni.

Kisha hilo kopo unaloringia,
kizibo chenye pete, muhuri unaong'aa,
picha ya gari la mashindano
ambalo Mikanjuni lingekwama kwenye dimbwi la kwanza.
Hiyo picha nayo umeinunua.

Ikaja ushuru. Zikaja siku za kulala yadi,
maana mzigo ukilala unalipia kitanda.
Mwenye jumla kule Gerezani akatia mkono wake,
hakusema ametia kiasi gani.
Chalinze, Segera, Hale, Muheza,
dizeli ya lori ikiinywea oili njiani.
Bandari tunayo hapa hapa, honi yake naisikia nikiwa nimelala,
lakini katoni zangu zinazunguka Dar,
kama bibi harusi anayeingia kwake kwa mlango wa uani.

"Na wewe?"
Alisema taratibu, akiangalia viatu vyake.
"Wewe umetia nini?"

Elfu mbili na mia tano.
Humo mna kodi, mna leseni, mna taa hii moja.
Nikanyamaza. Feni ikageuka, ikarudi.
Nikalivuta daftari.

Sikumsomea. Nililifungua tu, nikaliacha wazi.
Majina yamejaa mpaka pembeni,
mengine yamehama mji, mawili yamezikwa,
na anayelipa anamlipia asiyelipa.
Ukurasa wa tisa alijiona mwenyewe:
galoni mbili, tangu masika.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga reki.
"Makorora wanauza ishirini na tano."

Najua. Nyeusi ya zamani, imechujwa kwa soksi,
ikavishwa kizibo kipya.
Kila Jumamosi kijana anakuja na gunia,
jero kwa kila galoni tupu.
Ndiyo maana zangu nazitoboa kwa msumari,
tundu moja chini, kabla sijazitupa.
Hilo jero ninalolikataa,
nalo, nisikufiche, limo kwenye arobaini na moja.

Hakujibu. Alitoa mfukoni chupa ya maji, tupu,
na noti ya elfu tano imekunjwa mara nne.
"Basi nipimie nusu lita.
Na ile ya masika… Ijumaa."

Nikaandika Ijumaa kwa penseli.

Nikamimina. Oili ikashuka bila haraka yoyote,
rangi ya asali ya Handeni,
na ilipofika alama nikainua galoni,
uzi mmoja ukabaki ukining'inia mdomoni,
mwembamba, haukatiki.

Tukausubiri wote wawili, tumeinama,
vichwa karibu kugusana,
mpaka ukadondoka.