Kasha la Kumi na Saba

Kasha la kumi na saba lilifika limelowa.
Nasimiyu wa stoo alilinusa kabla ya kulifungua.
"Kamande," akasema, "humu mna maiti."
Na kweli: chupa moja imevunjika shingo,
nyingine kumi na moja zimesimama kando yake
kama ndugu wa marehemu wasiojua waanzie wapi.

Kazi yangu ni stempu. Stempu ya ushuru
juu ya kizibo, chupa mia tisa kwa zamu,
Barabara ya Lunga Lunga, lango la tatu
ukishapita kiwanda cha magodoro.
Kunywa si kwangu. Mimi husoma lebo
kama mtu asomaye barua za jirani.
Bordo naijua; kila mwenye gari kubwa anaijua.
Hii iliandikwa Marcillac.
Nikaitamka vibaya. Bwana Rughani akanirekebisha,
naye vibaya.

Ndani mlikuwa na karatasi, nusu imelowa.
Nina Kifaransa cha miezi minne ya jioni,
mpaka ada ilipokata kamba,
kwa hiyo nilielewa kama asikiaye ugomvi wa chumba cha pili:
bonde, kusini. Watawa wa Conques
walipanda mizabibu huko miaka elfu iliyopita,
wakati hapa tuliposimama ni maji baridi tu na nyati.
Zabibu yao huitwa Fer, yaani chuma;
wanasema ni kwa ugumu wa mti wake,
humgomea mwenye mkasi.
Na udongo ni mwekundu.

Hapo nikaweka stempu chini.

Mwekundu wa namna gani? Karatasi ilikuwa imelowa papo hapo.
Mimi najua mmoja, wa Kinoo, shamba la mama,
uliong'ang'ania soksi za shule
hadi kipande kizima cha sabuni kikaisha
na maji bado yanatoka rangi ya chai.
Robo eka ya mwisho tuliiuza mwaka wa mazishi.
Sasa pana ghorofa saba, rangi ya krimu,
na chini kabisa, mvua inaporusha matone,
udongo umepanda ukutani kimo cha goti.
Haukuarifiwa kuhusu hati.

Karatasi iliendelea.
Jirani na bonde palikuwa na machimbo ya makaa.
Watu walishuka gizani, wakapanda jioni
na masizi kooni, na mvinyo huu ndio ulioyaosha.
Haukuwa wa meza za wafalme.
Kisha kidudu kikala mizizi.
Kisha baridi ya mwaka hamsini na sita ikaunguza miche.
Kisha mgodi ukafungwa, na wanywaji
wakaenda walikokwenda.
Matuta ya mlimani yakaota vichaka.
Wachache walibaki wakipalilia.
Karatasi haikusema kwa nini.
Ningewauliza hilo tu.

"Onja basi," Nasimiyu akasema, "maiti hashtaki."
Kitako cha chupa kilikuwa kimehifadhi kama kikombe kimoja.
Tukaumimina kwenye kichujio cha chai, mara mbili,
kwa kuogopa chembe za kioo.
Mwepesi. Mchachu kidogo, forosadi ambayo haijaamua kuiva,
pilipili manga nyuma ya ulimi,
halafu, umeshameza tayari,
ule msumari niliokuwa nikiunyonya utotoni
baba akitengeneza zizi.

Nasimiyu alikunja uso, akarudia.
"Hauna sukari," akasema. "Huu unataka matumbo.
Matumbo na viazi, na mtu aliyechoka."
Kumbe yeye ndiye alikuwa na Kifaransa.

Saa tisa lori la hoteli ya Gigiri likaja.
Huko watauuza kwa bei ya kodi yangu,
karibu na mshumaa.
Bwana Rughani akapita na daftari la hasara,
akaona mkono wa ovaroli yangu.
"Nini hiyo?"
Udongo, nikamjibu.
Aliutazama, akatazama sakafu ya saruji,
akatazama tena.
"Andika kumi na moja," akasema.