Minane

Barua iliingia masijala na vumbi la Julai,
karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne,
pembeni ina doa la mlenda.
Sisi makarani husoma mikunjo kwanza:
hii ilikaa siku nyingi kwenye pindo la kanga
kabla mwenyewe hajakata shauri.

"Mimi Nyemo Masima wa Msanghe.
Sijui kuandika, ameniandikia mjukuu, darasa la sita.
Lori lilishusha mifuko arobaini ya saruji
ya choo cha shule. Nilikuwepo, nawapikia mafundi uji.
Iliyoingia chooni ni thelathini na miwili.
Nilimuuliza Diwani mbele za watu, akacheka,
akasema, bibi, hesabu umezijulia wapi.
Naomba mnijibu hiyo minane tu."
Chini yake dole gumba, wino wa buluu.

Nikagonga muhuri: IMEPOKELEWA.

Saa tano Mheshimiwa Mhembano akaegemea dirisha langu,
marashi yake yakanifikia kabla ya salamu.
"Nasikia kuna bibi kaniandikia barua ya mapenzi."
Tukacheka.
Ndiyo, nami nilicheka. Naomba iandikwe hivyo.

Kamati ya maadili ilikaa Alhamisi,
madiwani watano wakimpima diwani mwenzao,
soda tano, sahani moja ya karanga.
Mmoja aliuliza kama dole gumba ni saini.
Mwingine, kama mtoto wa darasa la sita
ana mamlaka ya kulalamika kwa niaba.
Saruji hakuna aliyeiuliza.
Mwenyekiti Ndahani akasema turudi kwenye kanuni,
kanuni zikatafutwa, zikaonekana chini ya birika,
zimelowa.
Shauri likaahirishwa.

Nyemo alikuja Bahi kila Jumatatu,
kwa miguu, viatu mkononi,
akivivaa pale mlangoni petu
kama mtu anayeingia kanisani.
"Minane imejibiwa?"
"Bado, bibi."
Hakasiriki. Anakunywa maji, anaondoka.

Jumatatu ya nne alikuja na habari:
"Mitano nimeiona, ni baraza la nyumba yake.
Mmoja alipewa fundi anyamaze, naye kanyamaza vibaya.
Imebaki miwili, mwanangu.
Hiyo ndiyo inaninyima usingizi."

Miwili.

Mwezi wa tano tulimzika mama, kule Kigwe.
Mheshimiwa alifika, kofia mkononi,
akashusha mifuko miwili garini: "Rambirambi yangu."
Nilimshika mikono, nikalia begani kwake.
Kaburi likasakafiwa vizuri.
Jina la mama nililichora mwenyewe, kwa msumari,
saruji ikiwa mbichi.

Usiku nimelala upande mmoja, nikageukia mwingine.
Nani abomoe kaburi la mamaye
ili hesabu ya choo itimie?
Na watoto wa Msanghe bado wanakwenda vichakani,
wasichana wawiliwawili, mmoja akilinda.

Rejista yetu ina safu ya mwisho, "Maelezo."
Hatuijazi. Tangu niajiriwe ni nyeupe,
ukurasa kwa ukurasa.
Leo, kabla wenzangu hawajafika, nimeandika:
*Mifuko miwili ipo Kigwe,
juu ya Mbula Mkosi, marehemu.
Shahidi ni mwanawe, karani.*
Nikatia saini.
Kisha, sijui kwa nini, dole gumba.

Wino haujakauka.
Nje, mlangoni,
mtu anavaa viatu.