Fomu ya Vivutio

Bwana Utamaduni katoka Muheza mjini
na karatasi mbili: moja ya kujaza, moja ya kuharibu.
"Andika kila penye cha kutazamwa," kasema,
"na umbali wake kutoka lami."
Akapanda pikipiki. Nimeketi darasa la nne,
dawati halina mgongo, penseli ya kuazima.

Nimeanza na maporomoko, hayana ubishi:
maji yanaanguka, mgeni anatazama juu, analowa, anafurahi.
Ila safu ya pili inadai Jina.
Sisi husema tu "kule kwenye kelele".
Nani alikwenda kule na jina?
Tulikwenda na madumu.

Msitu wa matambiko nimeuandika.
Bi Nyamvula, aliyekuja kumfuata mjukuu,
akasoma begani kwangu, neno kwa neno, kama anayetafuna.
"Ukiuandika, watakuja na viatu."
Nikafuta. Pamebaki doa la kijivu,
na ufutio umekula karatasi kidogo.

Korona je? Paa limeuzwa bati kwa bati,
mashine imebaki, meno yana kutu,
popo wanaingia na kutoka kama zamu ya usiku.
Hapa babu mzaa mama, Komba wa Songea,
aliyeletwa kwa namba, akaitwa kwa namba miaka tisa,
aliacha vidole viwili katikati ya mkonge,
na Jumatatu akarudi kazini na mkono uliobaki.
Safu ya Historia ina mistari mitatu.
Nimeandika: kiwanda cha kale.
Vidole havikuenea.

Gulio la Jumamosi. Hapo penseli ilikimbia yenyewe.
Nimemwandika Mama Tunu na kisu chake cha bati,
anavyomenya chungwa bila ganda kukatika,
linashuka, linashuka, mpaka mtoto anayesubiri chini
alivae shingoni, aende zake tajiri.
Kiingilio: shilingi mia mbili, na chungwa ni lako.
Muda mzuri wa kutembelea: kabla kisu hakijachoka.
Huduma za malazi. Hapa nikaona haya,
nikatazama dirishani, kisha nikaandika:
kitanda kipo, tutamhamisha Mhando.

Umbali kutoka lami:
kilomita kumi na moja, kwa asiyesalimia watu.
Anayesalimia, aanze safari jana.

Jioni pikipiki ikarudi. Akahesabu kwa kidole.
"Vitatu tu? Kata jirani wana kumi na tisa."
Akaliona doa. "Hapa palikuwa na nini?"
Penseli iliteleza, nikasema.

Ile ya kuharibu hakuiulizia.
Iko chini ya godoro langu.
Ina jina moja, herufi kubwa,
na chini yake nimechora viganja viwili,
vidole vyote kumi.