Buti za Bragadiru

Mita hamsini na mbili za mraba, ghorofa ya tatu,
na kibaraza cha kuanika shuka moja kwa zamu.
Nilizipima kwa hatua, sikuamini tepu ya dalali:
jikoni hatua nne, chumbani tano,
chooni huhesabu, unageuka tu.

Dalali akanyoosha kidole dirishani, penye mabua ya alizeti:
"Hapa itapita lami. Pale shule. Kule kituo cha treni."
Kila kitu kilikuwa katika wakati ujao
isipokuwa bei.

Bukaresti ilikwisha kutushinda.
Miaka tisa tulipanga kwa bibi Aglaia
ambaye hakuruhusu hata msumari mmoja ukutani.
Picha ya harusi ilikaa nyuma ya kabati, imepewa mgongo
kama mtoto aliyeadhibiwa.

Pesa ya kianzio ilitoka Vaslui, kwa baba.
Hakusema ameipata wapi.
Nilijua Krismasi, aliponimiminia pombe ya plamu
kutoka chupa yenye nembo ya duka.
Nikanywa. Sikuuliza miti iko wapi.

Kwa mwanasheria tulitia sahihi mara arobaini na moja,
mpaka Liviu akaanza kukosea jina lake mwenyewe.
Miaka thelathini.
Dawa ya deni ni kulipa, wanasema;
basi dozi yetu ni vidonge mia tatu na sitini,
kimoja kila tarehe tano,
na cha mwisho nitakimeza nikiwa na miaka sitini na nne.

Tulihamia Novemba.
Mtaa wetu unaitwa Mtaa wa Mawaridi.
Aliyeupa jina hakuwahi kuukanyaga.
Kutoka mlangoni hadi kituo cha basi ni tope,
tope zito, linaloshika mguu kama mgeni asiyetaka uondoke.
Kwa hiyo watu wa huku wana desturi yao:
unatoka na buti za mpira,
kituoni unavaa viatu vya mjini,
buti unaziacha nyuma ya kibanda.
Zinashinda hapo kutwa, jozi ishirini, jozi thelathini,
zimejipanga kama watu waliokosa basi.

Saa kumi na moja alfajiri nimo safarini.
Nafua shuka za hospitali; nazijua damu zote kwa rangi.
Jioni narudi nimesimama, nimelala.

Alhamisi moja buti zangu hazikuwepo.
Palibaki jozi moja ya kijani, kubwa kwa namba mbili.
Nikazivaa, nikaziburuza,
nikamtukana mwizi ngazi zote tatu:
hata huku? hata kwenye tope la mkopo?

Asubuhi yake, kituoni, mwanamke mnene alikuwa anachechemea
ndani ya buti zangu.
"Giza," alisema. "Giza na usingizi.
Nilifika nyumbani ndipo vidole vikanishtaki."
Tukabadilishana palepale, kila mmoja kwa mguu mmoja,
tumeshikana mabega tusianguke,
basi linapiga honi, watu wanacheka madirishani.
Anaitwa Mioara. Anakaa jengo la nyuma yetu.
Yeye yuko kidonge cha kumi na tisa.
"Vinapungua ukali?" nikamuuliza.
"La," akasema, "ila koo linazoea."

Jumapili Liviu alipigilia msumari wetu wa kwanza.
Ukuta wenyewe biskuti; ncha ikatokea kwa jirani.
Akagonga, mzee Costel, tulikuwa hatujawahi kumwona:
"Polepole huko! Mmetoboa kalenda yangu, mwezi Machi!"
Tukaomba radhi kupitia tundu.
Picha ikatundikwa, imeelemea kushoto.

Buti zangu sasa zina utepe mwekundu. Za Mioara, bluu.
Kesho ni tarehe tano.
Mvua imeanza tena, na kule shambani
mtu fulani amechomeka vigingi vinne na kamba nyeupe.
Liviu anasema ni barabara.
Mimi naona kamba.