Daftari la Mchango wa Eleuterio

Siku ya nne sasa Eleuterio yumo ndani ya friji ya hospitali,
yeye aliyelala na mablanketi mawili mwezi wa Januari,
wakati kiangazi cha Corrientes kinayeyusha lami barabarani,
kwa kuwa baridi ya Malvinas, alisema,
haikumtoka mifupani. Ilihama tu, goti hadi goti.

Na kila usiku wa friji una bei yake.

Mimi ndiye mshika daftari. Sikuchaguliwa:
nina duka la mikate, nina kalamu, basi.
Ukurasa wa kwanza nimeandika:
jeneza la msonobari, bila vishikio vya shaba;
shimo; gari; padri hataki kitu, ila mafuta ya pikipiki.
Bendera ameileta karani wa manispaa, imepigwa pasi.
Bendera ni bure.
Mbao ndizo zenye bei.

Halafu majina.
Nélida mshonaji, elfu mbili, na uzi.
Watoto wa timu ya mpira, sarafu ndani ya soksi;
nimezihesabu mara tatu, kila mara jumla nyingine.
Wale aliowatengenezea baiskeli
akawaambia, "Utalipa ukipata,"
wamepata ghafla, wote, isipokuwa mmoja.
Zunilda amekaanga empanada mpaka mafuta yakawa meusi.
Nguruwe wa Aparicio tumempigia bahati nasibu, tiketi mia.

Jumatano gari jeupe likasimama mlangoni.
Mzee wa mgongo ulionyooka, viatu vinang'aa,
akauliza kama hapa ndipo kwa msiba wa askari Gauna.
Alikuwa luteni wake, alisema.
Akatoa bahasha nene.
"Nitalipa yote. Jina usiandike."

Eleuterio alinisimulia mara moja tu, akiziba pancha,
bila kuinua macho:
njaa ilimshinda, akaiba kopo la nyama
kwenye ghala la jeshi lake mwenyewe.
Luteni akaamuru afungwe kwenye vigingi, mikono na miguu,
chali, juu ya tope la barafu, jioni mpaka alfajiri.
Vidole viwili vya mguu vilibaki huko.
Alikuwa na miaka kumi na tisa.
Akaipulizia gundi ikauke, akanirudishia gurudumu langu.

Nikaitazama bahasha.
Ingemtoa baridini jioni ile ile.
Mkono wangu, nisidanganye, ulishafika nusu ya meza.
Nikauliza: kopo la nyama siku hizi ni pesa ngapi?
Hakujua.
Nikamtuma kwa Sosa, ng'ambo ya barabara, akaulize.
Akaenda, hilo nampa, akavuka jua lote lile kwa miguu,
akarudi na bei, akaihesabu noti kwa noti.
Nikaandika: Luteni, kopo moja.
Na jina nikaliandika, kamili.
Bahasha aliondoka nayo.

Usiku ule sikulala.
Nani alinipa haki ya kumwongezea marehemu baridi
ili hasira yangu ipate joto?
Alhamisi. Ijumaa. Bado hazikutosha.
Jumamosi seremala akasema, chukueni, mtanimalizia.

Tulimzika saa saba, udongo ukichoma kupitia soli.
Nilimvisha soksi za sufu, jozi mbili,
ya kulia nikaijaza pamba pale penye pengo.
Wachimbaji walivua mashati.
"Joto hili litatuua," mmoja alisema,
akatazama jeneza, akanyamaza.

Deni la seremala bado lipo, ukurasa wa tisa.
Nguruwe yumo uani kwangu, anakula mikate ya jana.
Tiketi iliyoshinda ni namba sabini na nne;
mtu aliinunua, sijui nani,
kwa jina la Eleuterio.