Ndoo ya Tsiala

Asubuhi ya kwanza nilidhani ni kicheche.
Manyoya yametapakaa bandani kama mto uliopasuliwa,
lakini komeo lipo mahali pake, wavu haujatoboka,
na kuku wote tisa wamesimama wakinitazama,
sita kati yao migongo uchi,
ngozi nyekundu kama bucha za Zugdidi siku ya soko.

Nikajibanza kwenye mvua.
Nikamwona Mweusi akimsogelea mwenzake polepole,
kama mtu anayeng'oa uzi kwenye koti la jirani,
akadonoa unyoya, akaumeza.
Akaumeza!
Sikujua kama unyoya humezwa.

Miaka thelathini na minne nimeendesha treni,
kila daraja nalijua kwa mlio wake.
Kuku walikuwa wa Tsiala.
Tangu Machi, tangu tulipomzika,
nimewapa mahindi.
Mahindi asubuhi, mahindi jioni, kopo linafurika;
nani atasema Valiko ana choyo?

Nikanoa kisu kwa ajili ya Mweusi.
Kuku havunji yai lake, husemwa;
huyu alilivunja jana, akalinywa,
akafuta mdomo majanini, kushoto, kulia,
kama padri baada ya karamu.

Lamara akaegemea uzio.
"Unawalisha nini?"
"Mahindi."
"Na nini?"
"Mahindi."
"Na nini, Valiko?"
Mvua ikajibu kwa niaba yangu
juu ya mabati.

Rudisha kisu, akasema, huyo si mwovu, ana njaa.
Njaa? Firigisi zao zimejaa kama soksi za mawe!
Kuna njaa ya mwenye kushiba, akasema.
Unyoya haushonwi kwa mahindi.
Vuli hii wanabadili makoti,
nawe umewapa vifungo tu, kitambaa hakuna;
basi wanakichuna kwa mwenzao.

Akaisukuma milango ya stoo
ambayo mimi nilikuwa napita kando yake
kama stesheni iliyofungwa.
Ndani, ndoo ya buluu.
Mashudu ya alizeti, yameganda kama matofali.
Gunia la vichwa vya dagaa wa Bahari Nyeusi
(kumbe ile harufu ya mikono yake ilitoka hapa,
nami miaka yote nililaumu sabuni).
Makombe ya konokono, yametwangwa.
Na ukutani, kwa kalamu ya seremala,
herufi zake za mviringo:
*Mahindi viganja vinne. Mashudu viwili.
Dagaa kimoja. Ijumaa mtindi.
Valiko asiwape mkate.*

Nikasoma mstari wa mwisho mara tatu.
Lamara akatoka nje, akajifanya anatafuta mwavuli.

Mwenye kidonda nikampaka lami ya msonobari,
nikamtenga kwenye kapu la zabibu.
Kabichi nikaining'iniza kwa kamba ya viatu,
midomo ipate cha kuonea.
Mlango wa bustani nikaufungua,
hasara ya vitunguu nikaimeza.
Nikapima kwa kiganja, halafu nikakumbuka
kiganja chake kilikuwa kidogo kuliko changu,
nikamwaga, nikaanza upya.

Wiki ya tano vishina vikachomoza migongoni
kama ndevu za mtu asiyetarajia wageni.
Mweusi siwezi kusema ametawa.
Jana tu kamdonoa mwenzake mkiani,
ila aliutema unyoya,
akarudi kwenye kabichi.

Jioni nikajisongea ghomi, mahindi na maji tu,
nikaipakua ikiwa bado inatoa moshi.
Sahani moja, nyeupe tupu.
Siku ya ngapi hii? Sijui. Tangu Machi.
"Na nini?"
Nikageuka dirishani. Hapakuwa na mtu.
Uzio, mvua, banda limefungwa.
Nikaweka kijiko chini,
nikaenda kutafuta jibini.